Ploti, kahawa, msitu au hatifungani: pesa ya miaka 15 uifunge wapi?

Kuna watu wengi Uganda walio na pesa ya mkupuo mkononi na hawajui pa kuifunga. Mmoja amerudi kutoka kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, Uarabuni. Mwingine amepokea kiinua mgongo cha jeshi. Wa tatu ana duka Malaba na amechoka kuona faida ikiishia kwenye michango ya harusi. Nitachukua shilingi milioni 20 kama mfano, kwa kuwa zinatosha kuanzisha lolote kati ya mambo manne ninayolinganisha hapa, na hazitoshi kuyafanya yote.

Manne yenyewe ni ploti pembezoni mwa mji, shamba la kahawa ya robusta, msitu wa mikaratusi au paini, na hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Boda na duka sijaviweka. Hivyo ni kazi, vinakulipa kwa siku unazovishughulikia, na mwenye kuvitafuta anatafuta kitu kingine.

## Anza na tarehe, kisha vigezo

"Nataka kuendelea kimaisha" ni dua njema, lakini huwezi kuipima. Andika hivi: mtoto wangu ana miaka 3, ataingia Senior One (mwaka wa kwanza wa sekondari) baada ya miaka 10 hivi, nitahitaji ada kwa miaka 6 mfululizo. Au: nina miaka 38, nikifika 55 nataka pesa ya kula isiyotegemea mgongo wangu. Malengo hayo mawili yanadai vitu tofauti kabisa, ingawa yote mawili ni ya muda mrefu. La kwanza linataka pesa inayokuja kwa vipindi vinavyojulikana. La pili linaweza kusubiri kimya miaka mingi, mradi isipotee.

Ukishakuwa na tarehe, pima kila njia kwa maswali matano. Pesa inaanza kurudi lini, na kwa mtiririko gani? Nani ataitunza miaka ambayo wewe una shughuli nyingine? Ukikwama katikati, unatokaje? Karatasi zake zikoje? Na kitu gani kinaweza kuiua? Faida ya mwisho nimeiacha nje makusudi. Kila muuzaji anayo tayari mdomoni, na hayo matano ndiyo yatakayoamua kama utafika kuiona.

## Pesa inarudi lini

Ploti tupu hairudishi kitu hadi siku ya kuiuza. Ukijenga vyumba vya kupangisha, vile vinavyoitwa mizigo na kujaa kila mtaa wa Kampala, kodi itaingia kila mwezi, lakini hiyo ni pesa nyingine juu ya milioni 20 zako, na mara nyingi ni nyingi kuliko bei ya ploti yenyewe.

Kahawa ya miche ya kloni huanza kuonyesha tunda kati ya mwaka wa pili na wa tatu, na hufikia nguvu zake mwaka wa tano hivi. Baada ya hapo huzaa miaka mingi ukiikata na kuichipuza upya kwa wakati. Kuna misimu miwili kwa mwaka, mkubwa na mdogo. Katika Buganda ya kati na upande wa Busoga, msimu mkubwa huangukia kati ya Oktoba na Januari, yaani pesa inapatikana kabla shule hazijafunguliwa Februari. Masaka na kuelekea kusini-magharibi mambo hugeuka, mavuno makubwa huja katikati ya mwaka. Wazee waliosomesha watoto kwa kahawa wanaijua kalenda hii kuliko mshauri yeyote wa fedha. Walioko miteremko ya Elgon, Rwenzori na Zombo hulima arabika, na hesabu zao hazitofautiani sana, ila huvuna mara moja kubwa na kuchelewa kidogo kuanza.

Miti hukaa kimya. Mikaratusi inaweza kutoa nguzo za ujenzi kuanzia mwaka wa nne au wa tano, na nguzo za umeme karibu mwaka wa nane hadi wa kumi. Paini ya mbao inataka miaka 16 hadi 20. Katikati utapunguza miti mara moja au mbili na kupata visenti, lakini usivipangie ada. Mikaratusi ina faida moja ambayo paini haina: ukiikata huchipua yenyewe, na mzunguko wa pili hauhitaji kununua miche.

Hatifungani hulipa kila baada ya miezi 6. Riba hutegemea mnada, na kwa zile za miaka 10 imekuwa ikicheza karibu asilimia 14 hadi 17 katika miaka ya karibuni. Chukua milioni 10 kwa riba ya asilimia 15: ni milioni 1.5 kwa mwaka. Kodi ya zuio kwa hatifungani za miaka 10 na zaidi ni asilimia 10 (kwa zile fupi ni 20), hivyo unabaki na milioni 1.35, sawa na shilingi 675,000 kila nusu mwaka. Shule inataka ada mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo lazima ujue kugawanya.

## Nani ataitunza

Hapa ndipo mipango mingi ya muda mrefu hufia, kwa kuwa mwenye mpango huwa ameuhesabia mvua na bei, akasahau kuhesabu watu.

Kahawa inataka mtu kila mwezi wa mwaka: palizi, kupogoa, kutoa machipukizi, kuweka samadi, kuangalia wadudu, kuvuna nyekundu tu bila kukwangua tawi zima, kuanika mahali safi. Kama mtu huyo si wewe, ni nani? Mjomba kijijini ataahidi. Mwaka wa kwanza atatimiza, maana maharagwe na migomba uliyopanda katikati ya mistari vinamlisha. Mwaka wa tatu, kahawa ikianza kuzaa, mtaanza kuvutana kuhusu magunia. Mwandikie mapema anapata nini, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ashuhudie. Hakuna ubaya wowote wa kindugu katika kuandikiana, na heri mjomba akasirike leo kwa karatasi kuliko kesho kwa magunia.

Miti inataka nguvu nyingi miaka miwili ya kwanza. Nyasi zikiizidi miche imekwisha, na mchwa hupenda sana mche mchanga wa mkaratusi. Baada ya hapo kazi hupungua hadi kusafisha njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi na kufukuza ng'ombe. Mtu anayeishi mbali anaweza kumudu msitu kwa mlinzi mmoja mwaminifu, jambo ambalo kwa kahawa ni vigumu.

Ploti huonekana kama haihitaji mtunzaji. Inahitaji, tena sana. Ploti isiyolimwa, isiyozungushiwa ua, isiyotembelewa, huota watu. Ukiweka mtu ailime mahindi ili isionekane imetelekezwa, mpe makubaliano yaliyoandikwa kwamba analima kwa ruhusa yako na kwa muda fulani. Aliyekaa miaka mingi bila karatasi atapata cha kusema mahakamani.

Hatifungani hazihitaji mtu. Zinahitaji wewe uache kuzigusa, na kwa wengine hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko palizi.

## Ukikwama katikati

Katika miaka 15 lazima kitatokea kitu: ugonjwa, kesi, biashara kuanguka, ndugu kufungwa. Kwa hiyo jiulize mlango wa kutokea uko wapi, na ukitoka unaacha nini nyuma.

Hatifungani unaweza kuziuza kabla ya muda kupitia benki, au kuziweka dhamana ya mkopo. Riba za sokoni zikiwa zimepanda tangu ununue, utauza kwa bei ya chini, lakini siku chache zinatosha kupata pesa. Ploti huchukua wiki hadi miezi, na mnunuzi akinusa kwamba una mgonjwa hospitalini, bei hushuka mbele ya macho yako. Ikiwa na hati safi benki itaikubali kama dhamana, na hapo ndipo hati inaonyesha thamani yake. Ploti ya makaratasi ya LC1 peke yake hukopesheki nayo kwa urahisi.

Msitu unauzika ukiwa umesimama, wafanyabiashara wa nguzo wanazunguka vijijini. Tatizo ni kwamba kuukata mapema hula sehemu kubwa ya faida. Paini ya miaka 8 ni nusu ya safari kwa miaka, ila kwa pesa haikaribii nusu, kwa kuwa bei ya mbao inataka gogo nene.

Kahawa ina mlango mbaya unaovutia: kuuza maua. Mkulima mwenye shida huuza mavuno kahawa ikiwa bado inachanua, kwa sehemu ndogo ya bei itakayokuwa sokoni. Akishauza maua msimu mmoja, msimu unaofuata huanza bila pesa ya palizi, na huuza tena. Nimeona mashamba mazuri yakilimwa miaka mitano kwa ajili ya mtu mwingine kwa namna hii. Dawa yake ni kuwa na akiba pembeni kabla ya kupanda, hata ndogo, kwenye SACCO au benki, isiyohusika na shamba.

Kidogo kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa walioajiriwa. Mwajiri anaweka asilimia 10 ya mshahara na wewe 5, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 waajiri wote wanahusika hata wenye mfanyakazi mmoja, na walio nje ya ajira rasmi wanaweza kuchangia kwa hiari. Mwenye miaka 45 na aliyechangia miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake. Kwa hiyo kama umeajiriwa, tayari una kitu cha muda mrefu kilichofungwa hadi miaka 55, na huenda milioni 20 zako zinafaa kwenda mahali penye mlango ulio wazi zaidi.

## Karatasi

Kwa hatifungani karatasi ni chache. Unafungua akaunti ya dhamana za serikali Benki Kuu kupitia benki yako ya biashara, unajaza ombi la mnada, kiwango cha chini ni shilingi 100,000. Hakuna wakala wa mtaani wala wa WhatsApp aliyetumwa kukuuzia.

Ardhi ni habari ndefu. Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, wa freehold (wa kudumu), wa mailo na wa lisi (wa kukodi kwa muda). Mailo ilizaliwa na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na ndiyo inayowachanganya wageni wengi wanaonunua Wakiso, Mukono au Luweero. Kwenye ardhi hiyo hiyo moja kunaweza kuwa na mwenye hati na mwenye kibanja, yaani mkazi anayemlipa busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka. Ukinunua kibanja, umenunua haki ya kukaa na kutumia, chini ya mwenye ardhi ambaye lazima aridhie mauzo na ambaye alipaswa kupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Ukinunua hati ya mailo yenye watu juu yake, umenunua pamoja na watu wake, na sheria ya 2010 inasema huwezi kumwondoa mwenye kibanja ila kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya kutolipa busuulu. Kibanja si kitu kibaya. Mamilioni wanaishi juu yake na watoto wao wamesoma. Lakini bei ya kibanja na bei ya ploti yenye hati hazipaswi kufanana, na muuzaji anayekwambia "hati inakuja" anakuuzia kitu ambacho hana.

Kabla ya kulipa, kagua rejista kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, siyo nakala aliyokupa dalali. Mpimaji apime upya mipaka na muone mawe yake pamoja na majirani. Kama mwenye jina kwenye hati amefariki, anayeuza awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kama ni ardhi ambayo familia inaishi juu yake, mke au mume lazima aridhie kwa maandishi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, uuhesabu mapema. Halafu nenda kaione ardhi mvua ikinyesha. Ardhi oevu iko chini ya serikali kwa niaba ya wananchi, na wakazi wa Lubigi walioondolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, mwaka 2024 wanajua maana ya kujenga juu ya maji.

Acholi, Teso, West Nile na Karamoja ardhi nyingi ni ya kimila, na ukoo una neno. Hapo karatasi moja yenye sahihi ya kijana mmoja haitoshi. Kaa na wazee.

Mambo haya yote yanahusu kahawa na miti pia, kwa kuwa vyote viwili vinasimama juu ya ardhi. Kupanda paini za miaka 20 kwenye shamba la ukoo ambalo halijagawanywa ni kuwapandia binamu zako. Kwa msitu ongeza hili: mita 30 kutoka kingo za mito midogo, na 100 kwa ile mikubwa, zimehifadhiwa kisheria.

## Kinachoweza kuiua

Kahawa iliwahi kufa. Ugonjwa wa mnyauko ulionekana mwaka 1993 na katika miaka iliyofuata uliangamiza karibu nusu ya robusta ya Uganda. Leo taasisi ya utafiti ya Kituza, Mukono, imetoa miche ya KR inayostahimili mnyauko huo, kwa hiyo nunua kwenye kitalu kinachojulikana hata kama ni ghali. Muuaji wa pili ni bei. Mwaka 2024 kilo ya kahawa iliyokobolewa ilivuka shilingi 10,000, na watu wakang'oa hata migomba ili wapande. Bei ya mwaka unaopanda haikuhusu. Itakayokuhusu ni ya mwaka wa tatu na kuendelea, na hiyo huamuliwa Brazil na Vietnam kama inavyoamuliwa Masaka.

Msitu huuawa na moto, kwa siku moja, baada ya miaka 9 ya subira.

Hatifungani huliwa polepole na mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, milioni 10 utakazorudishiwa baada ya miaka 15 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na milioni 4.8. Maana yake sehemu ya riba lazima irudi kuwekezwa, usiile yote. Na Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 10.7, kwa hiyo 5 si dari.

Ploti huuawa na kesi. Ina hatari nyingine isiyotajwa: kusimama. Ploti iliyonunuliwa kwa uvumi wa barabara itakayopita inaweza kukaa miaka 10 ikingoja barabara iliyopita kwingine.

Halafu kuna kifo chako mwenyewe, maana miaka 15 ni mingi. Shamba na msitu familia inaviona. Hatifungani haionekani. Kama mkeo, mumeo au mtoto mkubwa hajui kwamba ipo na iko benki gani, riba itaendelea kuingia kwenye akaunti ambayo hakuna anayeifungua. Andika wosia, na waambie.

## Ukiwa katika hali hii

Uko nje ya nchi na huna mtu nyumbani unayeweza kumwamini na pesa: hatifungani kwanza. Ardhi nunua siku ukiwa umerudi na umeikanyaga mwenyewe. Simu ya "tuma haraka, kuna mtu mwingine anaitaka" imewamaliza wengi.

Unaishi kijijini, una eka 2 zisizo na mgogoro, na watoto wanakaribia shule ya sekondari: kahawa iko upande wako kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa mtunzaji ni wewe. Usipande eka zote mwaka mmoja. Anza na ile unayoweza kuipalilia bila kukopa.

Una ardhi ya mawe au yenye rutuba hafifu, iko mbali, na pesa hutaihitaji kabla ya miaka 10: miti. Kama huna uhakika wa kuvumilia miaka 20, chagua mikaratusi na uiache paini kwa mwenye mshahara.

Unapanga chumba mjini, kodi inakukaba, na kazi yako itakuweka hapo hapo miaka mingi: ploti yenye hati ina maana, hata kama hatifungani ingelipa vizuri zaidi kwenye karatasi. Kwako ploti ni nyumba ya kesho, na kodi utakayoacha kulipa ni sehemu ya faida. Ila hakikisha mpango wa kujenga una tarehe. Bila hiyo utakuwa na ploti na kodi vyote viwili.

Umestaafu, una miaka 55 au zaidi: kitu kinachoanza kulipa baada ya miaka 20 ni zawadi kwa wajukuu, na ni halali kabisa ukiamua hivyo kwa kujua. Pesa ya dawa na chakula iweke kwenye hatifungani za muda mfupi zaidi, miaka 2 hadi 5, hata kama kodi yake ni kubwa zaidi. Afande mmoja mstaafu aliniambia anapanda mikaratusi kwenye nusu eka tu, "ili vijana wangu wagombane juu ya kitu." Nusu nyingine ya eka ana migomba.

Mko wawili na hamkubaliani, mmoja anataka ardhi, mwingine anaogopa kesi: gawanyeni. Milioni 12 kwenye hatifungani, 8 kwenye shamba la kahawa mlilonalo tayari, na riba ya kila nusu mwaka iwe ndiyo inayolipa palizi. Mkiona miaka miwili imepita na riba inaliwa kabla ya kufika shambani, mtakuwa mmejua jambo kuhusu nyumba yenu kabla ya kununua ploti.